Kuweka kambi na karavani katika Milima ya Davis, Texas: mwongozo wa hatua kwa hatua

Hifadhi ya Jimbo ya Davis Mountains iko magharibi mwa Texas, kilomita 6 hivi kutoka mji mdogo wa Fort Davis, katika milima inayochomoza ndani ya Jangwa la Chihuahua. Eneo la kambi liko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Anayetoka Houston au Dallas akivuta karavani, yaani nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, kwa kawaida hufika alasiri, jua likiwa kali na hewa ikiwa kavu, akaamini kwamba mahali hapa panahitaji kivuli na kiyoyozi tu. Ushauri wangu ni tofauti: karavani ipangwe kwa ajili ya saa kumi alfajiri, wala si kwa ajili ya saa kumi jioni, kwa sababu katika hewa kavu ya mlimani joto linaweza kushuka kwa nyuzi 15 hadi 20 kati ya saa hizo mbili.

Hatua ya 1: Chagua msimu na nafasi

Nafasi za kulala katika hifadhi za jimbo hili hufunguliwa miezi mitano kabla, na zile zenye umeme, maji na bomba la maji taka kwa pamoja ndizo huisha mapema. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ninayoipendekeza kwa anayeanza. Machi na Aprili huwa na upepo mkali, na kati ya Julai na Septemba mvua za radi hunyesha alasiri, hivyo kijito cha Keesey, ambacho muda mwingi huwa kikavu, kinaweza kujaa ghafla. Desemba na Januari maji huganda usiku.

Hatua ya 2: Kagua gari kabla ya kupanda

Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo ukifika kambini utakuwa umepungukiwa na karibu asilimia 15. Ikiwa gari lako linavuta kwa shida tangu nyanda za chini, punguza mzigo, na tangi la maji safi lisijazwe pomoni ilhali maji yapo kambini. Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla ya kuondoka, matairi yakiwa baridi. Usiutoe mchana njiani kwa kuona tu kwamba kipimo kimepanda.

Hatua ya 3: Panda kwa barabara ya 17

Kutoka barabara kuu ya I-10 kuna njia mbili. Barabara ya 118 inayoanzia Kent hupita karibu na Kituo cha kuangalia nyota cha McDonald na ina mandhari mazuri zaidi, lakini kona zake ni kali, na sioni sababu ya kuipita na karavani ndefu. Barabara ya 17 inayoanzia upande wa Balmorhea hupanda taratibu kupitia Wild Rose Pass, njia iliyo kati ya milima. Tumia gia ndogo mapema, kabla injini haijaanza kulalamika, na uangalie kipimo cha joto la injini mara kwa mara.

Hatua ya 4: Sawazisha karavani

Weka pima maji sakafuni karibu na mlango. Anza na usawa wa kushoto na kulia kwa kupandisha matairi ya upande ulio chini juu ya vipande vya mbao, kisha weka kabari mbele na nyuma ya matairi ya pande zote mbili. Baada ya hapo tu ndipo ufungue karavani kutoka kwenye gari, na urekebishe usawa wa mbele na nyuma kwa jeki ya mbele. Jeki za pembe nne zishushwe mwisho. Kazi yake ni kuzuia mtikisiko, na ukizitumia kuinua karavani utazipinda. Friji ya gesi isipokaa sawa haipoozi vizuri, hivyo hatua hii haihusu starehe ya kulala peke yake.

Hatua ya 5: Unganisha umeme na maji kwa kufikiria usiku

Zima swichi ya nguzo ya umeme, chomeka kinga ya umeme kwanza, washa swichi uhakikishe taa zake hazionyeshi hitilafu, izime tena, kisha chomeka waya wa karavani na uwashe. Hapa panahitaji hesabu. Plagi ya ampea 30 kwa volti 120 inakupa wati 3,600 tu. Hita ndogo ya umeme inakula wati 1,500, na birika la umeme karibu kiasi hicho hicho. Mtu akiamka alfajiri akawasha vyote viwili huku maji ya kuoga yakichemshwa kwa umeme, swichi itakatika na nyumba nzima itaingia giza wakati wa baridi kali kuliko wote. Kwa sababu hiyo ninapendekeza joto la usiku litoke kwenye hita ya gesi iliyojengwa ndani ya karavani, na umeme ubaki kwa friji na kuchaji betri, kwani feni ya hita hiyo huendeshwa na betri. Jaribu kengele ya gesi ya sumu (monoksidi ya kaboni) kabla ya kulala. Jiko la kupikia lisitumiwe kupashia chumba joto, na jiko la makaa lisiingizwe ndani hata kama moto wake umebaki majivu.

Kwa maji, funga kidhibiti cha presha kwenye bomba kabla ya mpira wa maji. Ikiwa utabiri unataja nyuzi sifuri, jaza tangi la ndani kabla ya magharibi, uchomoe mpira, umwage maji yote yaliyobaki ndani yake, na utumie pampu ya karavani hadi asubuhi. Koki ya tangi la choo ibaki imefungwa hadi siku ya kulimwaga, maana ukiiacha wazi maji hutiririka na kinyesi hubaki kikigandamana chini.

Hatua ya 6: Friji na mapishi

Watengenezaji wengi hutahadharisha kwamba friji za gesi hupungua nguvu kuanzia mita 1,700 hivi, kwa sababu hewa nyepesi hudhoofisha moto wake. Kambi iko karibu na kiwango hicho, hivyo iweke friji kwenye umeme. Maji yatachemka kwa nyuzi 95 badala ya 100: chai haitaonyesha tofauti kubwa, lakini maharage yatakutesa usipokuwa na sufuria ya presha.

Hatua ya 7: Kabla ya kulala

Kunja turubai la kivuli hata kama hakuna upepo. Ingiza ndani chakula na mfuko wa taka, kwa sababu javelina, wanyama wanaofanana na nguruwe mwitu, huzunguka wakitafuta cha kula. Zima taa za nje: eneo hili ni sehemu ya hifadhi ya anga lenye giza iliyotambuliwa kimataifa mwaka 2022. Ukitaka kwenda kuangalia nyota katika Kituo cha McDonald, kilicho kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, acha karavani kambini, nenda na gari pekee na ubebe koti zito.

Hatua ya 8: Kuondoka

Mwaga tangi la choo kwanza, kisha la maji ya sinki na bafu ili yasafishe mpira, ukiwa umevaa glavu. Funga gesi, pandisha jeki, unganisha karavani na gari, na uondoe kabari mwisho kabisa. Wakati wa kushuka, baki kwenye gia ndogo na ukanyage breki kwa vipindi vifupi, kwa kuwa breki iliyokanyagwa mfululizo hupata moto na kuishiwa nguvu. Ukifika Balmorhea, simama ukague nati za magurudumu.