Somo: Kukusanya filamu za zamani za Hollywood kwenye diski, angalia toleo kabla ya jina

Wengi wanaoanza kukusanya filamu za zamani za Hollywood huandika orodha ya majina: Casablanca, Citizen Kane, Gone with the Wind. Kisha huanza kununua. Kuandika majina ndiyo kazi rahisi. Filamu moja huwa imeshatoka mara nyingi, kwenye kanda za VHS, kwenye DVD, kwenye Blu-ray, na matoleo hayo hayalingani. Moja limetokana na negativu yenyewe, yaani ile filamu iliyopita kwenye kamera, jingine na kopi iliyochukuliwa kwenye kopi. Kava za Casablanca zote zina picha ileile ya nyota wake, Humphrey Bogart. Somo hili linahusu namna ya kuyatofautisha, kwa filamu za tangu sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi kama 1965.

Hatua ya 1: Ijue deki yako

DVD hufungwa kwa namba za maeneo. Afrika Mashariki tuko namba 5. Marekani na Kanada ni namba 1, na Ulaya, Japani na nchi za Ghuba ni namba 2. Filamu hizi nyingi zilitolewa Marekani kwanza na baadhi hazikutoka kwingine, kwa hiyo diski za namba 1 utazinunua tu, upende usipende. Bahati nzuri deki nyingi za DVD za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, hazibagui namba, na zinazobagua mara nyingi hufunguliwa kwa kubonyeza tarakimu fulani kwenye rimoti. Nenda dukani na diski yako ya Marekani, waichezeshe ukiona.

Blu-ray hutumia herufi. Marekani na Japani ni A. Afrika, Ulaya na Uarabuni ni B. Hapa ujanja wa rimoti mara nyingi hausaidii: ama ununue deki iliyokwisha kufunguliwa na mafundi, ama ukubali kununua diski za Uingereza. Diski za 4K, zenye picha kali kuliko Blu-ray, hazina kufuli la eneo.

Kuna pia PAL na NTSC, mifumo miwili ya picha za TV. DVD za Marekani ni NTSC, za Ulaya ni PAL, na TV bapa za siku hizi hupokea zote. TV ya chogo ya PAL ikipewa NTSC huweza kutoa picha isiyo na rangi, kasoro ambayo mtazamaji wa Casablanca, filamu ya nyeusi na nyeupe, hataigundua maisha yake yote. Kasoro ya PAL yenyewe ndiyo inayonikera zaidi. Filamu ilipigwa picha 24 kwa sekunde, PAL huzikimbiza 25. Singin' in the Rain ya dakika 103 inaisha kwa dakika 99, na sauti za waimbaji zinapanda kidogo. Kwenye filamu ya maongezi utasamehe. Filamu za nyimbo nunua NTSC, au Blu-ray inayokwenda kwa kasi ya 24.

Hatua ya 2: Mtafute anayeimiliki filamu leo

Hapa ndipo penye siri yote, kwa hiyo tulia.

Nembo inayotokea mwanzoni haikwambii filamu iko mikononi mwa nani sasa. Simba wa studio ya MGM ananguruma mwanzoni mwa The Wizard of Oz (1939), lakini filamu hiyo ni ya Warner. Mwaka 1986 Ted Turner aliinunua MGM, akaiuza tena muda si mrefu, lakini maktaba ya filamu akabaki nayo. Humo mlikuwa na filamu za MGM pamoja na za zamani za Warner, ambazo Warner ilikuwa imeziuza miaka ya 1950. Za studio ya RKO alizipata baadaye. Kampuni ya Turner ilipoungana na Time Warner mwaka 1996, vyote vikaingia nyumba moja. Ndiyo maana Citizen Kane ya RKO, Gone with the Wind ya MGM na Casablanca ya Warner leo zinatoka kwa mtu mmoja.

Paramount nayo iliuza karibu filamu zake zote za sauti za 1929 hadi 1949 kwa kampuni ya MCA mwaka 1958, na MCA ndiyo iliyokuja kuimiliki Universal. Double Indemnity (1944) ukiitafuta Paramount utazeeka. Filamu za Fox ziko Disney tangu 2019. Za Columbia ziko Sony. Some Like It Hot (1959), na nyingine nyingi za United Artists, ziko kwa MGM ya leo, iliyonunuliwa na Amazon mwaka 2022.

Nimeyaeleza haya kwa sababu mwenye filamu ndiye mwenye negativu, au mwenye kile kilichobaki. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 Hollywood ilitumia filamu ya nitrati, ambayo hushika moto haraka na kuoza taratibu. Negativu ya Singin' in the Rain iliteketea mwaka 1978 katika moto wa George Eastman House, Rochester. Ya Citizen Kane nayo iliungua. Kila toleo zuri unaloliona la filamu hizo limejengwa kutokana na kopi nyingine bora zilizosalia, na ni mwenye filamu, au kampuni aliyoipa ruhusa, ndiye anayezifikia kopi hizo.

Kampuni za kupewa ruhusa zenye sifa ni Criterion na Kino Lorber kwa Marekani, Eureka na Indicator kwa Uingereza. Criterion ndio wakongwe: walianza mwaka 1984 na LaserDisc, diski kubwa za kabla ya DVD, za Citizen Kane na King Kong. Kwa upande wa Warner, tafuta lebo ya Warner Archive. Ilianza mwaka 2009 ikitoa DVD zinazochomwa kwa oda, na sasa hutoa Blu-ray, ambazo nyingi huchezeka eneo lolote.

Ila hata mwenye mali huharibu. DVD ya Citizen Kane ya mwaka 2001 ilisafishwa kwa kompyuta hadi mvua inayonyesha nje ya dirisha la Bernstein, mmoja wa wahusika, ikafutika, programu ikidhani ni mikwaruzo! Chembechembe za filamu si uchafu. Ukiona nyuso laini kama nta, toleo hilo limesuguliwa mno.

Hatua ya 3: Iogope diski ya bei ya kutupa

Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, hakimiliki ya filamu ilitakiwa kuhuishwa baada ya miaka 28. Ya His Girl Friday (1940) haikuhuishwa. Charade (1963) ilitoka bila tangazo sahihi la hakimiliki, ikawa mali ya umma tangu siku ya kwanza. Yeyote anaweza kuziuza, na kweli kila mtu ameziuza: zimekatika, zina giza, sauti inakoroma. Kila kampuni imechukua kopi iliyookotwa popote. Zote mbili zimetolewa vizuri na Criterion. Bei ni ya juu, lakini hapo unanunua mara moja.

Kanuni ya dukani ni hii: kava isiyotaja studio wala kampuni unayoijua, iache.

Hatua ya 4: Umbo la picha

Kabla ya 1953 picha ya Hollywood ilikuwa karibu na mraba, upana 1.37 kwa kimo 1. Kwenye TV bapa lazima ubaki weusi kushoto na kulia. Usibonyeze rimoti kuivuta. Utamnenepesha Ingrid Bergman bure. Gone with the Wind yenyewe ilipata mkosi huo mwaka 1967, iliporudishwa kwenye majumba ya sinema ikiwa imekatwa juu na chini ili ionekane pana.

CinemaScope, mfumo wa picha pana, ilipoingia na The Robe mwaka 1953, mambo yakageuka. Picha ni pana sana, na kanda nyingi za VHS na DVD za awali ziliikata pembeni ili ijaze TV za zamani. Seven Brides for Seven Brothers (1954) ikikatwa hivyo, ndugu saba wanabaki wanne. Kwa filamu pana hakikisha kava imeandikwa kuwa upana umehifadhiwa. Ben-Hur (1959) ina upana wa 2.76 kwa 1, kwa hiyo utepe mweusi mnene juu na chini ni haki yake.

Zile zilizopakwa rangi miaka ya 1980, Casablanca ikiwemo, sina la kuzisemea zaidi ya kwamba zisikaribie kabati langu.

Hatua ya 5: Diski ikifika, itazame yote

Usiridhike kwamba imewaka. DVD nyingi zina matabaka mawili, na inayooza mara nyingi hukwama katikati ya filamu, pale lenzi inapohamia tabaka la pili. Mwaka 2025 Warner wenyewe walikiri kuwa baadhi ya DVD zao zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zinakufa zikiwa kabatini. Balaa ni kwamba hiyo ndiyo miaka yalipotoka maboksi mengi mazuri ya filamu za zamani. Boksi la mtumba la miaka hiyo, omba kwanza muuzaji akuhakikishie kila diski inafika mwisho.

Geuza diski pia. Chini ikiwa na rangi ya zambarau, imechomwa, haikupigwa chapa kiwandani. Kwa Warner Archive za mwanzo hilo ni halali. Kwa nyingine mara nyingi ni feki.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Simamisha, usilaze. Mbali na jua na dirisha. Ukiwa pwani weka vifuko vya kunyonya unyevu ndani ya kabati na uvibadilishe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Shikamoo mkuu. Mzee wetu ametuachia sanduku la kanda za VHS, nyingi za John Wayne. Zina kama unga mweupe ndani. Zina thamani?

Jibu: Marahaba. Huo unga ni ukungu. Usiweke hata moja kwenye deki, maana ukungu hubaki kwenye vichwa vya deki na kuambukiza kanda nyingine, na deki mpya za VHS hazitengenezwi tena tangu 2016. Kwa bei ya sokoni nyingi hazina thamani, kwa kuwa filamu za John Wayne karibu zote zipo kwenye diski. Pekua kwanza kama kuna mkanda mzee aliorekodi mwenyewe, harusi au familia. Huo mpelekee fundi ausafishe na kuuhamisha.

Swali (Mwanza): Mimi nimepata DVD moja ina muvi nane ndani, bei ya soda mbili. Si ndiyo kukusanya huko?

Jibu: Mkuu, DVD yenye matabaka mawili hubeba GB 8.5. Filamu moja ya saa mbili ikiwekwa vizuri huimaliza karibu yote. Gawa kwa nane. Ni kopi ya wizi, na hata wizi wenyewe haukufanywa vizuri.

Swali (Arusha): Nataka kuanza na zilizopigwa huku kwetu tu. Zipo ngapi za maana?

Jibu: Anza na nne. Hatari! ya Howard Hawks (1962), iliyopigwa Tanganyika, nyingi ya sehemu zake huko huko kwenu. Hiyo ni Paramount. King Solomon's Mines (1950), iliyopata Oscar ya upigaji picha wa rangi na ya uhariri, na Mogambo ya John Ford (1953), zote za MGM, kwa hiyo tumia Hatua ya 2: nenda Warner. Ya nne ni The African Queen ya John Huston (1951), iliyopigwa Uganda na Congo. Wamarekani waliisubiri kwenye DVD hadi 2010, Paramount ilipoitoa ikiwa imekarabatiwa. DVD ukiikuta mtaani na wanadai ni ya Marekani ya kabla ya hapo, una jibu lako.

Lakini uzitazame ukijua ni za wakati wake. Twiga na vifaru wamepigwa vizuri kuliko Waafrika walivyopewa maneno ya kusema.

Swali (Maskati): Ndugu yangu, nimenunua 4K ya Criterion kutoka Marekani. Diski ya 4K inacheza, Blu-ray iliyomo ndani ya boksi hilohilo inakataa. Nimeuziwa mbovu?

Jibu: La, si mbovu. Ya 4K haina kufuli, ile Blu-ray imefungwa herufi A, nanyi mko B kama sisi. Maongezi na nyongeza nyingi huwa kwenye hiyo Blu-ray, ndiyo uchungu wake. Kama filamu hiyo imetolewa pia na Criterion ya Uingereza, iliyoanza 2016, chukua ya huko.

Swali (Columbus, Ohio): Huku maduka ya mitumba yanatupa DVD kwa dola moja moja. Nikimtumia mdogo wangu Morogoro zitacheza? Na mzigo nipunguzeje?

Jibu: Zitakuwa namba 1, kwa hiyo afungue deki yake kwanza kama Hatua ya 1. Toa diski kwenye maboksi ya plastiki, zipange kwenye mkoba wa diski, na karatasi za kava zikunje pamoja nazo. Usizitupe: mwaka wa toleo na jina la kampuni viko hapo. Kabla ya kununua angalia tundu la katikati. Plastiki iliyopasuka pale huendelea kupasuka deki inapozungusha. Ukikuta boksi la Warner la 2006 hadi 2008 kwa dola moja, chukua tu, lakini zitazame zote huko huko kabla hujalipia mzigo.