Viza ya mwenza Uingereza: kuthibitisha makazi ukianza na futi ya kupimia

Wengi wanaoomba viza ya mwenza kwenda Uingereza humalizia nguvu zote kwenye mambo ya kipato, kisha suala la nyumba wakalijibu kwa mstari mmoja: "Tutakaa kwa kaka." Afisa anayesoma maombi hajawahi kufika kwa kaka. Mpe hesabu atakayoifuata akiwa mezani kwake.

Anachotafuta ni hiki: mna mahali penu pa kukaa, hamtahitaji fedha za umma kupapata, na mkihamia nyumba haitajaa kupita kiasi kwa mujibu wa Sheria ya Makazi ya 1985. "Mahali penu" si lazima nyumba nzima. Chumba kimoja cha kulala mnachokitumia ninyi peke yenu kinatosha, hata kama jiko na bafu mnachangia na wengine.

Hatua ya 1: hesabu watu. Andika kila anayelala humo na umri wake, nawe ukiwemo. Mtoto chini ya mwaka 1 hahesabiwi. Wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 10 ni nusu mtu. Kuanzia 10 ni mtu kamili.

Hatua ya 2: hesabu vyumba. Sebule imo, na hapo ndipo wengi wanajipunja. Jiko na bafu usiviweke. Chumba 1 kinaruhusu watu 2, vyumba 2 watu 3, vyumba 3 watu 5, vyumba 4 watu 7.5, vikifika 5 na zaidi, watu 2 kwa kila chumba.

Hatua ya 3: pima. Hii usiiruke, maana kuna kipimo cha pili cha ukubwa wa sakafu, na inayoshika ni idadi ndogo kati ya hizo mbili. Chumba cha mita za mraba 10.2 au zaidi ni watu 2, kuanzia 8.4 ni 1.5, kuanzia 6.5 ni mtu 1, kuanzia 4.6 ni nusu. Chini ya hapo ni stoo tu, hata kikiwa na kitanda.

Tuseme kwa kaka kuna sebule ya 3.5 kwa 4 (mita za mraba 14, watu 2), chumba cha 3 kwa 3.6 (10.8, watu 2) na kidogo cha 2.5 kwa 3 (7.5, mtu 1). Jumla 5. Vyumba 3 navyo vinaruhusu 5. Wakazi ni kaka, mkewe, mtoto wa miaka 7, kichanga cha miezi 8, na ninyi wawili: 4.5. Mmepita, lakini kwa kubana.

Hatua ya 4: angalia nani analala na nani. Watu wa jinsia tofauti wenye miaka 10 na zaidi, wasio wenza, wasilazimike kulala chumba kimoja.

Hatua ya 5: nyaraka. Mwenye nyumba yake aambatishe nakala ya usajili wa umiliki kutoka HM Land Registry (ofisi ya serikali ya kusajili ardhi na nyumba) au taarifa ya mkopo wa nyumba. Mpangaji alete mkataba. Ongeza bili ya kodi ya halmashauri (council tax) na ya umeme au maji, zote kwa anwani ileile.

Kama kaka naye amepanga, barua yake peke yake haina uzito. Itakiwe ya mwenye nyumba, hata kama ni halmashauri, isemayo waziwazi: "Nyumba ina vyumba 2 vya kulala na sebule 1. Wanaoishi humo ni hawa. Ninaridhia fulani ahamie, na yeye na mwenzake watatumia chumba kimoja peke yao." Nimeona barua ndefu za kumsifu mpangaji zisizotaja hata idadi ya vyumba.

Ripoti ya ukaguzi wa nyumba, ya mkaguzi anayekuja kuthibitisha kuwa haitajaa kupita kiasi, hulipiwa. Ikiwa hesabu imebana kama ya kaka hapo juu, itafute. Ikiwa mko wawili kwenye fleti ya chumba na sebule, pesa hiyo iongeze kwenye nauli.