Umeteguka, misuli imekaza au ni mfupa? Soma kabla hujakanda na maji ya moto

Mwaka juzi nilishuka vibaya kwenye daladala pale Mwenge, gari bado linatembea konda anasema shuka shuka, mguu ukapinda kwa ndani. Kufika nyumbani kifundo kimejaa mpaka kile kimfupa cha pembeni hakionekani, jirani kwa moyo mzuri kabisa akachemsha maji ya chumvi akanikanda na kunichua vizuri. Usiku ule sikulala, mguu unapwita mpaka asubuhi. Nikaja kuelewa baadae kwamba jeraha bichi halitaki moto wala kuchuliwa, damu inazidi kuvujia ndani na uvimbe unaongezeka.

Kwahiyo mguu ukiteguka, siku 2 au 3 za kwanza ni baridi. Nenda kwa mama anayeuza juisi mtaani akupe barafu, izungushie khanga (usiweke moja kwa moja kwenye ngozi, inaunguza), kaa nayo dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya masaa mawili matatu ukiwa macho. Funga bandeji ya kuvutika kuanzia karibu na vidole kupanda juu, vidole vikianza kuwa vya baridi au ganzi ujue umekaza sana, legeza. Ukilala weka mito miwili chini ya mguu uwe juu kuliko kifua. Afu usikae wiki nzima bila kuuchezesha, maumivu yakipungua anza kuandika herufi hewani na kidole gumba, a mpaka z, na ukanyagie kidogo kidogo.

Ila kama huwezi kupiga hata hatua 4, au ukibonyeza mfupa wenyewe pale kifundoni unaruka kwa maumivu, nenda ukapigwe eksirei siku hiyohiyo. Mtoto ndo usisubiri kabisa, ncha za mifupa yake bado zinakua na zikivunjika vibaya mguu unaweza kukua umepinda.

Mgongo sasa. Mtu anakaa foleni Mbagala mpaka Posta, au anafua kainama masaa matatu, kesho yake kiuno hakinyooki. Mara nyingi hiyo ni misuli, na hapo ndo moto unasaidia: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitenge, dakika 15 mpaka 20. Usilale kitandani siku nzima, tembea tembea ndani ya nyumba, na beseni la kufulia lipandishe juu ya stuli. Wengi wanapata nafuu ndani ya wiki chache. Ila mkojo ukianza kukutoka bila kujua au ukagoma kutoka, sehemu za siri zikafa ganzi, miguu ikaishiwa nguvu, hiyo ni dharura, usingoje kesho. Na mgongo unaouma wiki nyingi huku unatoka jasho usiku na unakonda, kapime kifua kikuu, maana kinaingia mpaka kwenye pingili za mgongo.

Magoti ya wazazi wetu yakiuma tunasema tu baridi yabisi, wakati mara nyingi ni gegedu (ule utando laini kwenye ncha za mifupa ndani ya goti) limelika kwa umri na uzito. Mfundishe mama akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mbele, ahesabu mpaka 5, ashushe, mara 10 kila mguu, kila siku. Misuli ya paja ikiwa na nguvu goti linapumzika. Baridi yabisi yenyewe inashika viungo vidogo vya mikono yote miwili, asubuhi vidole havikunjiki kwa nusu saa au zaidi, na hiyo inataka daktari mapema kabla vidole havijapinda. Kidole gumba cha mguu kikiwaka ghafla usiku, chekundu hata shuka hutaki liguse, waambie hospitali wakuangalie gauti, ugonjwa wa asidi kuganda kwenye kiungo.

Dawa jamani, tuwe makini. Mtu mzima mwenye ini zima anywe parasetamo za miligramu 500, mbili kwa mara moja, zisizidi 8 kwa siku. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu na uvimbe, tunainunua kama pipi, na inaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Meza baada ya kula, siku chache tu, usiichanganye na ibuprofeni maana ni ndugu, na kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo au moyo, presha, au ni mjamzito, muulize daktari kwanza.

Ukihitaji hospitali anzia kituo cha karibu, au kwa sisi wa Dar Amana, Temeke, Mwananyamala, wakiona ni kubwa watakupa rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Mkono au mguu ukiwa umepinda usiunyooshe mwenyewe, funga na kipande cha mbao au boksi gumu hivohivo ulivyo, pete na bangili zivue kabla mkono haujavimba, ndo uende.