SOMO: Mbu wako wa kwanza wa tasnifu, kutoka mtegoni hadi kwenye tyubu

Wakuu, kila ukifika msimu wa wanafunzi kwenda uwandani, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Kaka, msimamizi kaniambia nikakusanye mbu, nianzie wapi?" Nimejibu hadi vidole vimechoka. Leo naandika mara moja. Atakayeniuliza tena namwelekeza hapa.

Najua wengi mngependa nianze na vyuo na ufadhili. Hayo yatakuja. Mimi nikikaa kwenye jopo la usaili, huwa namuuliza mtu ameshika mitego misimu mingapi, ndipo nauliza vyeti.

Hatua ya 1: Vibali. Kamati ya maadili ya chuo chako, kisha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) kwa Tanzania Bara. Zanzibar wana kamati yao. Halafu barua kwa mtendaji wa kijiji, na ukamsalimie mwenyekiti wa kitongoji kwa mguu wako mwenyewe.

Hatua ya 2: Nyumba. Zipatikane kwa kura, si kwa urafiki. Andika paa ni bati au nyasi, kama kuna mwanya kati ya ukuta na paa, na wangapi wamelala ndani ya chandarua.

Hatua ya 3: Mtego. Mtego wa taa wa CDC (taa na feni ndogo inayomvuta mbu hadi kwenye mfuko), betri ya volti 6. Betri ya bodaboda ni volti 12, itaunguza mota. Tundika kama mita 1.5 kutoka chini, upande wa miguu ya mtu aliyelala ndani ya chandarua. Huyo mtu ndiye chambo, maana mbu wa malaria anafuata harufu na pumzi yake. Ukitundika kwenye chumba kitupu utavuna nondo. Kamba ya mtego ipake grisi. Nimewahi kufungua mfuko asubuhi nikakuta mabawa matupu, sisimizi walishastaftahi.

Hatua ya 4: Asubuhi. Funga shingo ya mfuko KWANZA, ndipo uzime feni.

Hatua ya 5: Kuua. Friza, nusu saa. Hakuna umeme? Pamba yenye klorofomu, na uifanyie nje, si sebuleni kwa watu.

Hatua ya 6: Kuchambua. Dume ana vipapasio vyenye manyoya mengi. Jike wa Anopheles, jenasi ya mbu wa malaria, ana palpi (vigusio viwili kando ya mrija wa kunyonyea) ndefu karibu sawa na mrija wake. Wa Culex ni fupi. Tazama tumbo: mtupu, ana damu, nusu mayai, ana mayai. Kwenye fomu andika *Anopheles gambiae* s.l., usiache hizo herufi mbili za mwisho, maana yake ni kundi zima la spishi zinazofanana. Kwa jicho, hata kwa hadubini, huwezi kumtenga *gambiae* wenyewe na *arabiensis*. Hiyo ni kazi ya PCR, kipimo cha DNA. Kundi la *funestus* nalo ni vilevile.

Hatua ya 7: Lebo. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo someni taratibu. Msimu wangu wa kwanza, bonde la Kilombero, masika, vijiji vitatu. Mbu niliwaweka kwenye tyubu zenye ethanoli, nikaandika juu ya vifuniko kwa ile kalamu wanayosema haifutiki. Haifutiki kwa maji. Siku ya kurudi nilipanda bodaboda, barabara mnaijua, vifuniko vichache vikalegea na ethanoli ikatambaa kwenye boksi zima. Nilipofungua maabara, tyubu zilikuwa safi kama zimetoka dukani jana. Mbu zaidi ya mia nne wapo, wazuri, hakuna anayejua wa nyumba gani wala usiku gani. Niliwakodolea macho kama nusu saa hivi. Msimamizi hakunigombeza, alisema tu, "Watupe." Nikarudi uwandani msimu uliofuata, na tasnifu ikachelewa mwaka mzima.

Kwa hiyo:
- Andika kwa PENSELI, kwenye kipande cha karatasi, na karatasi iingie NDANI ya tyubu pamoja na mbu.
- Usiandike kwenye kifuniko peke yake. Vifuniko hubadilishana.
- Kila mbu namba yake moja, isiyojirudia hata ukibadili kijiji. Namba hiyo iwe kwenye karatasi, kwenye fomu na kwenye daftari. Mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike.
- Kila jioni piga picha kurasa za siku hiyo. Daftari huliwa na mbuzi. Sitanii.
- Kama utapima sporozoiti (hatua ya kimelea cha malaria inayomwambukiza mtu) kwa ELISA (kipimo cha protini ya kimelea), kausha mbu kwa silika jeli (punje za kufyonza unyevu) badala ya ethanoli: silika chini, pamba katikati, mbu juu. Silika ya bluu ikigeuka waridi imeshiba maji, badilisha, la sivyo utafuga ukungu.

Karibuni kwa maswali.

---

Kinda_la_Moro: Asante kwa somo mkuu. Mimi nina betri ya pikipiki, haiwezi kufaa?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Kinda_la_Moro: Nimeiona. Ila hata usiku mmoja tu?

Mwandishi: Mtego ni wako.

Zawadi K: Nitumie data zako nione mfano wa kuandika matokeo.

Mwandishi: Data hapana. Fomu tupu nitakutumia.

Mama Neema: Shikamoo mwalimu. Kwa nini kwenye ELISA wanatumia kichwa na kifua tu, tumbo wanaliacha?

Mwandishi: Marahaba, na swali zuri. Sporozoiti zilizokomaa hukaa kwenye tezi za mate, ambazo zipo kifuani. Tumboni, ukutani mwa utumbo, kuna oosisti (vifuko ambamo sporozoiti hukua), nazo zina protini ileile inayopimwa. Ukisaga mbu mzima unaweza kupata chanya kwa mbu ambaye bado hawezi kumwambukiza mtu. Miguu na mabawa weka pembeni kwa PCR. Jambo la ziada: mbu wanaokunywa sana damu ya ng'ombe hutoa chanya za uongo. Sampuli iliyosagwa ikitoka chanya, ichemshe dakika 10 kwenye nyuzi 100, pima upya.

Mzee wa Uwanda: Sisi tulikuwa tunakaa miguu wazi ili mbu watue, na kifyonzeo mkononi cha kuwanasa. Data zilikuwa za kweli kuliko hiyo mitego yenu ya mwanga.

Mwandishi: Mzee wangu, sijasema njia yenu ni mbaya. Inahitaji kibali kizito na dawa za kinga, na palipo na dengi hakuna dawa ya kukinga. Simshauri mwanafunzi wa miezi sita.

Asha_T: Nina shahada ya ualimu, baolojia na kemia. Nimechelewa kuingia fani hii?

Mwandishi: Hujachelewa. Humu kuna waliotoka afya ya mazingira, zuolojia, hadi kilimo. Omba kazi ya msaidizi wa uwandani, iwe taasisi ya afya ya Ifakara au kituo cha NIMR Amani kule Muheza, hata ya msimu mmoja. Jioni jifunze R, programu ya takwimu, kwa sababu wanaojua mbu ni wengi kuliko wanaojua mbu na takwimu. Fuatilia matangazo ya PAMCA, chama cha Afrika cha udhibiti wa mbu. Uzamili utauomba ukiwa na swali lako mwenyewe, na wasimamizi hulitambua hilo haraka.

Zawadi K: Mshahara vipi?

Mwandishi: Ni wa mradi. Mradi ukiisha nao umeisha.

Fundi Maabara: Nyongeza: silika iliyolowa usitupe, kausha kwenye oveni irudi bluu.

Mwandishi: Kweli, ila oveni ya maabara. Ile bluu ni kemikali ya kobalti, ina sumu. Nimemkuta kijana anaikaanga kwenye sufuria ya ugali.

Galgalo: Salamu kutoka Marsabit. Nimepata viluwiluwi wa Anopheles kwenye tangi la maji mjini. Wenzangu wanasema ni *gambiae*, mimi sina uhakika.

Mwandishi: Endelea kutokuwa na uhakika. Tangini, mjini, na Marsabit? Fikiria *Anopheles stephensi*, mbu wa malaria aliyetoka Asia. Afrika alionekana kwanza Djibouti mwaka 2012, na taarifa za kwanza za Kenya zilitoka hukohuko kwenu. Kwa haraka anafanana na *gambiae*, ndiyo maana hupita bila kutambuliwa. Wafuge hadi wawe mbu wazima, kausha wachache kwa ajili ya kusomwa DNA, na usitangaze kitu kabla ya majibu. Waarifu watu wa malaria wa kaunti. Halafu tuwekee hapa picha ya palpi kwa karibu, nataka kuona madoadoa meupe.

Galgalo: Wanatoka kesho kutwa. Lebo ni ya penseli.