Somo: Jinsi aina bora ya lusani inavyozalishwa

Lusani, yaani alfalfa, ikishapandwa hukaa shambani miaka mitatu au zaidi, ikikatwa na kuchipua tena. Kwa hiyo ubora wa mbegu hauonekani katika mkato wa kwanza pekee, bali katika uwezo wa mmea kuhimili magonjwa, ukame na kukatwa mara kwa mara.

Hatua ya 1: Kutafuta wazazi. Mtafiti huanzia katika mashamba makongwe, ambako mimea dhaifu imekwisha kufa, akachimba ile iliyobaki na afya. Wendelin Grimm, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyefika Minnesota, Marekani, mwaka 1857 na mbegu za kwao, alifanya hivyo bila maabara yoyote: baridi kali iliua mimea yake mingi, naye akaendelea kuvuna mbegu kwenye iliyosalia na kuzipanda tena, hadi ikapatikana lusani iliyohimili baridi na kuitwa kwa jina lake.

Hatua ya 2: Kuchuja kwa ugonjwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Katika mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaoshambulia mizizi na kunyausha mmea, miche hung'olewa, mizizi yake ikaloweshwa katika maji yenye vimelea, kisha ikapandwa upya. Baada ya wiki kadhaa mzizi mkuu hukatwa: ukionekana mweupe ndani, mmea hubakizwa, ukiwa na duara la rangi ya njano inayoelekea kahawia chini ya gamba, hutupwa. Aina ya Ranger, iliyotolewa Marekani mwaka 1942, ilitokana na juhudi za kupambana na ugonjwa huo.

Hatua ya 3: Kuchavusha. Stameni na pistili, yaani viungo vya kiume na vya kike vya ua la lusani, zimebanwa ndani ya petali za chini, na hufyatuka kwa nguvu na kumpiga mdudu pale zinapobonyezwa. Nyuki wa asali wengi hujifunza kukwepa kipigo hicho kwa kufyonza nekta kupitia ubavuni, na ndiyo maana wazalishaji wa mbegu Marekani na Kanada hufuga nyuki wakata majani. Katika banda la utafiti, karatasi ndogo iliyokunjwa hutosha kufyatua ua na kuhamisha chavua hadi kwenye mmea mwingine. Watoto wanaopatikana huchujwa tena, na mzunguko hurudiwa mara kadhaa.

Hatua ya 4: Kuunda aina. Wazazi waliochaguliwa, ambao huweza kuwa wachache au kupita mia moja, huachwa wachavushane wote kwa wote katika eneo lililo mbali na lusani nyingine. Mbegu zao huchanganywa, kisha huzidishwa kwa vizazi vichache tu.

Hatua ya 5: Majaribio. Aina mpya hulinganishwa na zilizopo katika maeneo tofauti kwa miaka kadhaa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nina shina moja lisilougua kamwe. Je, nikilitenga na kuvuna mbegu zake?*

Ndugu mfugaji, usitegemee shina moja. Lusani ina seti nne za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba sifa za urithi, na huzoea kuchavushwa na mimea mingine. Ikijichavusha yenyewe, watoto hudhoofika haraka na kutoa mbegu kidogo. Likuze kwa vipandikizi vya shina, kisha lichanganye na mimea mingine bora.

*Je, aina za Grimm zingetufaa huku nyanda za juu za Kenya?*

Hapana. Aina zinazohimili baridi kali hupunguza kukua siku zinapofupika. Usingizi huo hupimwa kwa ngazi ya 1 hadi 11, na karibu na Ikweta, ambako hakuna majira ya theluji shambani, ni busara kutafuta aina za ngazi za juu, kuanzia 8, zinazoendelea kuchipua mwaka mzima zikipata maji.

*Nikinunua aina bora, naweza kujivunia mbegu yangu kila mwaka?*

Zitaota, lakini aina itabadilika taratibu. Nyuki huleta chavua kutoka kwa jirani, na mimea inayozaa mbegu nyingi huongezeka kuliko inayotoa majani mengi. Kwa malisho ya miaka mingi, nunua mbegu iliyothibitishwa unapopanda shamba jipya.