Unanunua gari na unaishi Dodoma? Fungua boneti kwanza usome kibao

Mtu akiingia yadi au akishika simu kuangalia magari ya Japani anaanza na mwaka, rangi, kilometa, kisha bei, basi. Mimi nakuomba sana uanze na namba ya modeli, ile ambayo dalali haitaji kabisa. Fungua boneti angalia ule ukuta wa nyuma ya injini, Toyota nyingi zina kibao kidogo cha bati pale, kimeandikwa modeli, namba ya chesisi, aina ya injini na cc zake, rangi na giaboksi. Kama unaagiza mtandaoni mwambie muuzaji akutumie picha ya hicho kibao kabla hujatuma hata shilingi.

Kwa nini nasisitiza hivi, kwa sababu jina la gari halikwambii kitu. IST zile za mwanzo ukiona NCP60 ni cc 1300, NCP61 ni 1500, NCP65 ni 1500 fowili, yani inasukuma tairi zote nne, na kwa nje zote zinafanana. Passo KGC10 ni cc 1000 pistoni tatu, QNC10 ni 1300 pistoni nne. Premio ya mwaka 2001 hadi 2007 ndo watu wanapata tabu zaidi maana NZT240 ni 1500, ZZT240 ni 1800, AZT240 ni 2000 na hiyo injini yake ni D-4, yani petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. D-4 sio kwamba ni mbaya, ila inataka mafuta masafi na inajaza kaboni kwenye valvu za kuingizia hewa, sasa kabla hujanunua tafuta fundi hapa hapa mjini anayeijua kweli kweli, ukimkosa chukua 1500 au 1800 ulale usingizi. Zile herufi tatu za mbele ya modeli nazo zisome, ukikuta DAA ujue hilo ni haibridi, uliza hali ya betri kubwa mapema.

Giaboksi pia. Premio za kuanzia 2007 kama NZT260 na ZRT260 ni CVT, haina gia za kawaida ndani, inatumia mkanda, na inataka oili yake maalum ya CVT. Fundi akikuwekea ile ATF, oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki, kwa sababu ndo iliyopo dukani, giaboksi inakufa, na hapo ndugu yangu hela inayotoka ni ya kuumiza.

Sasa nguvu. Tangazo litakwambia labda ps 109, yani nguvu za farasi, sawa, lakini hiyo namba wameipima injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika na nani anaendesha hivyo kila siku. Halafu Dodoma tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake ukilinganisha na Dar. Kwa hiyo angalia toki, ule msukumo unaokuvuta ukiwa umebeba watu watano na mizigo unataka kulipita lori kule Gairo, na uangalie inapatikana kwenye mizunguko mingapi, ikianza chini ndo nzuri. Gari la cc 1000 la kutoka Ilazo kwenda Makole na kurudi linakutosha kabisa, ila kama kila mwezi familia nzima mnaenda Moshi au Dar usijitese, panda hadi 1500.

Usikimbilie cc kubwa pia. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo unailipa kidogo kidogo kila unapojaza tenki, na cc kubwa inakunywa zaidi. Na kwenye ushuru cc zina uzito wake, na umri wa gari, likishapita miaka 8 kodi ya uchakavu inaingia, ingiza gari lako kwenye kikokotoo cha TRA uone jumla yake kabla hujapenda picha. Angalia mwaka wa kutengenezwa, maana mwaka wa kusajiliwa Japani unaweza kuwa wa mbele.

Ulaji wa mafuta ukiandikwa km 18 kwa lita usipange bajeti kwa hiyo. Hasa magari ya zamani yalipimwa kwa kipimo cha Japani kinachoitwa 10-15, ndani ya maabara, mwendo wa pole. Punguza robo hadi theluthi. Dodoma hadi Dar ni kama km 450, kwa tangazo ni lita 25, kwa km 12 kwa lita ni 37 na nusu, tofauti unaiona mwenyewe.

Kimo cha tumbo la gari kutoka ardhini hicho kisome kwa milimita. Magari madogo ya saluni mengi yako kati ya 130 na 160, na hiyo ni gari tupu. Kama unakaa mitaa ya lami hakuna shida, ila kama una shamba huko ndani Chamwino au Bahi ambako mvua ikinyesha korongo linakata njia, tafuta 180 kwenda juu. Fowili kwa mtu wa mjini sioni sababu, ni uzito na mafuta tu. Vumbi letu ndo la kuogopa, uliza bei ya eya klina ya gari hilo na kama inapatikana kirahisi, utaibadilisha mara nyingi kuliko watu wa pwani.

Tairi: 185/65R15 maana yake upana milimita 185, kimo cha ubavu asilimia 65 ya huo upana, rimu ya inchi 15. Pembeni kuna tarakimu nne, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019, hata kama vijino bado virefu tairi hiyo imezeeka, na kwa jua letu usiende nayo safari ya mbali, toa hela ya tairi kwenye bei.

Gari likiwa limeshatumika hapa nchini, chukua kadi ya gari uilinganishe herufi kwa herufi na namba ya chesisi ya kwenye kile kibao na ile iliyogongwa kwenye bodi. Ikipishana hata moja, rudisha funguo uondoke.