Somo: Kulinda mkataba wa shupaza 4 turufu zinapogawanyika vibaya

Wengi wetu hapa Kampala tulianzia karata kwenye mchezo uitwao matatu, ambako anayewahi kumaliza karata zake ndiye mshindi, na haraka hiyo tunaingia nayo kwenye briji, ambako inatupotezea mikataba (ahadi ya idadi ya duru tutakazokula) iliyokuwa salama.

Hatua ya kwanza. Mshindani akishatoa karata ya kwanza na karata za mwenzako zikalazwa mezani, usiguse chochote kabla ya kuhesabu duru (mizunguko ambayo kila mchezaji hutoa karata moja) utakazopoteza. Shupaza 4 zinadai duru 10 kati ya 13, kwa hiyo unaruhusiwa kupoteza 3. Tuseme pau zitakula 2 bila shaka, nazo kopa na uru ni salama. Katika turufu, yaani shupaza, basi, unaweza kupoteza moja tu.

Hatua ya pili. Zitazame turufu zenyewe: mkononi una ree, 10, 7, 5 na 3, mezani kuna mfalme, 9, 6 na 2. Washindani wana malkia, ghulamu, 8 na 4. Karata hizo nne hugawanyika 3 kwa 1 karibu mara 50 katika 100, 2 kwa 2 mara 40, na zote upande mmoja mara 10. Hizo 10 ndizo za kuhofia, maana katika nyingine zote ukipiga ree kisha mfalme hupotezi zaidi ya duru moja.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha somo. Ukiwa na zamu mkononi, toa 3. Wa kushoto akiweka 4 au 8, weka 9 ya mezani, hata kama moyo unakusukuma kumpiga mfalme. Wa kulia akiila, zilizobaki ni mbili tu, nazo zitaangukia ree na mfalme. Wa kushoto asipokuwa na shupaza, piga mfalme, kisha toa ndogo ya mezani kuelekea ree na 10.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini nisianze na ree? (Jinja)*

Ndugu yangu, zote nne zikiwa kulia, ree ikishatoka malkia na ghulamu watakula duru mbili, na mkataba umevunjika.

*Wa kushoto akitoa malkia mara moja? (Mbale)*

Mfunike kwa mfalme, kisha upige ree. Hata akiwa na zote nne, atabaki na duru ya ghulamu peke yake.

*Je, sipotezi duru ya ziada? (Entebbe)*

Mara nyingine utaipoteza, hasa zikigawanyika 2 kwa 2. Duru hiyo ina pointi 30, ilhali mkataba uliotimia, katika mashindano ambayo hamjawa “hatarini” (hali ambayo zawadi na adhabu huwa kubwa zaidi), una 420. Katika mashindano ya jozi, hata hivyo, matokeo yako hulinganishwa na ya meza nyingine zilizocheza karata zilezile, na hizo 30 zinaweza kukupandisha juu yao. Hapo mimi huanza na ree iwapo naamini kila meza imefikia mkataba huohuo.